Kwa Shujaa Huenda Kilio

Neno "mzimamoto" lina historia ya aibu katika lugha yetu, na si vyema kuanza kuzungumza juu ya heshima ya watu hawa kabla ya kuikiri aibu hiyo. Wazee waliozaliwa zama za ukoloni walikuwa wakilitamka kwa kunong'ona. Mijini Kenya, Uganda na Tanganyika, na huku pwani ambako jina la mumiani ndilo lililoenea zaidi, iliaminika kwamba wazimamoto hawakuajiriwa kuzima moto hata kidogo, bali kuwinda damu: kwamba usiku huwanasa wapita njia, huwapakia katika gari lao jekundu, na huwafyonza mpaka wakabaki makapi. Mwaka 2000 mwanahistoria Luise White alichapisha kitabu kizima juu ya uvumi huo, naye hakuwafanya wasemaji wake kuwa wajinga; aliona kwamba watu walikuwa wakiusema utawala wa kigeni kwa lugha waliyokuwa nayo. Basi kazi ambayo kwengineko mtoto huiota, kwetu iliingia kwa kuogopwa. Yamkini ndiyo sababu, pamoja na wingi wa tenzi zetu za vita, za mitume, za safari na za mawaidha, mimi sijapata kukutana hata na utenzi mmoja uliotungwa kwa ajili ya mzimamoto.

Lakini lugha ina insafu yake. Msomaji na alitazame tena neno lenyewe. Waingereza zamani walimwita mtu huyu "mtu wa moto", na siku hizi humwita "mpigana na moto". Kiswahili hakikutosheka na kupigana. Kimempa jina la mwisho wa kazi: yeye ni azimaye. Jina ni zuri, ila lina ukali ndani yake, kwani linaahidi tokeo. Itakuwaje kwa yule aliyeingia motoni na moto usizimike, akatafuta watu na watu asiwapate, akafia humo? Tutamwita nani? Na tutakapomkumbuka, tutakumbuka nini?

Swali hili halikunijia kwa kukaa na kufikiri. Lilinijia katika kutafsiri. Katika kazi hiyo nimekutana mara kadhaa na usemi wa Kiingereza ambao, ukifasiriwa neno kwa neno, unasema kwamba fulani alikufa "katika mstari wa wajibu". Kana kwamba wajibu ni mstari uliochorwa chini kwa chokaa, na mtu amefia juu yake, hakurudi nyuma wala hakuupita. Nilizoea kuandika "alifia kazini" na kuendelea. Kila mara nilihisi kuwa nimepunja, maana hata karani hufia kazini, kwa maradhi ya moyo, kalamu mkononi. Kisha nikausoma mkasa wa Worcester, na tangu hapo sikuweza tena kuendelea kirahisi.

Worcester ni mji wa jimbo la Massachusetts, nchini Marekani. Jioni ya tarehe 3 Desemba 1999 moto ulizuka humo ndani ya ghala kuukuu la baridi, lililojengwa mwaka 1906 na kuachwa tupu kwa miaka mingi. Lilikuwa na ghorofa sita na kuta za matofali zenye unene wa inchi 18. Kwa ndani kuta hizo zilivikwa lami na povu la plastiki ili zihifadhi baridi, na sehemu kubwa ya juu haikuwa na madirisha. Jengo lililotengenezwa ili joto lisiingie, moto ukiwaka ndani yake joto halitoki. Hilo hata mwoka mikate analijua bila kusomeshwa. Na lami na plastiki vikishapata moto hutoa moshi mzito mweusi, ambao taa ya mkononi haiupenyi.

Humo walikuwa wakijihifadhi mwanamume na mwanamke wasio na makazi. Umeme haukuwapo, wakitumia mshumaa. Wakagombana, mshumaa ukaanguka. Walijaribu kuuzima moto wakashindwa, wakatoka, wakaenda zao, na hawakumwambia mtu. Saa 12:13 za jioni taarifa ilifika zimamoto kutoka kwa askari polisi aliyekuwa akipita njia, wala hakuwa zamuni. Wazimamoto wakaja. Hapo mwanzo moto haukuonekana kuwa wa kutisha sana. Ila jirani walijua kwamba wasio na makazi hulala mle, na habari hiyo ikawafikia waliokuja. Wawili, Paul Brotherton na Jeremiah Lucey, walikuwa juu wakitafuta pale moshi ulipogeuka ghafla. Wakapotea katika giza la vyumba vinavyofanana, hewa katika mitungi yao ikawa inakwisha, wakaita kwa simu ya upepo kuomba msaada. Ndipo wakaingia wengine kuwatafuta watafutaji, wawili wawili kama ada yao ilivyo: Thomas Spencer na Timothy Jackson, James Lyons na Joseph McGuirk. Katika hao sita hakurudi hata mmoja. Mkubwa wao alikuwa na miaka 51, mdogo 34. Waliacha watoto 17. Brotherton peke yake wana sita, wote wa kiume.

Ndani ya ghala lile hamkuwa na mtu mwingine. Waliokuwa wakitafutwa walikuwa nje, hai.

Nimewasimulia watu kadhaa habari hii barazani, na aghalabu husikia mojawapo ya maneno mawili. Mmoja husema: masikini, wamekufa bure. Mwingine husema: hapana, wamekufa mashujaa, basi. Naona wote wawili wanakikimbia kitu kile kile, nacho ni ule utupu wa ghala. Wa kwanza kautazama asione jingine lolote. Wa pili hautazami kabisa.

Sisi watu wa pwani tuna jawabu mdomoni kabla swali halijamalizika: amali huhesabiwa kwa nia. Na tunalo la pili, ambalo kila aliyepita chuoni amelisikia, kwamba afaye kwa kuungua huwekwa katika daraja ya mashahidi, pamoja na afaye maji na aangukiwaye na jengo. Mwezi wa Januari 2017, jengo la Plasco liliposhika moto na kuporomoka mjini Tehran, wazimamoto 16 walifia humo, na watu wao waliwazika kama mashahidi. Naye Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, aliandika mwaka 1785 kwamba nia njema, hata ikishindwa kutimiza chochote kwa ubaya wa bahati, hung'aa yenyewe kama kito. Ni mara chache chuo cha Kurani na mji wa Königsberg kukaa jamvi moja, basi tushukuru.

Jawabu hilo nalikubali kwa imani, lakini kwa hoja halinitoshi. Nia haionekani. Mtu aweza kujitupa motoni kwa kutaka kusifiwa, na moshi ukishamla watu watasema nia yake ilikuwa njema. Tena iko nia njema iliyo ya kipumbavu. Nadhani lipo jambo lililo wazi zaidi la kuwatetea watu sita wa Worcester, wala halihitaji kuchungulia mioyo yao. Kutafuta ni kwenda usikokujua. Anayekubali kuingia pale tu anapohakikishiwa kwamba ndani mna mtu, huyo si mtafutaji, huyo ni mchukuzi. Wazimamoto wa mji wowote huingia katika nyumba nyingi zisizo na mtu, na ndiyo maana huwamo katika ile moja yenye mtoto aliyejificha uvunguni. Ukiwazuia kuingia kwa bure umewazuia pia kuingia kwa faida, kwa kuwa aliye nje hana njia ya kuipambanua safari moja na nyingine. Waliokufa katika ghala tupu walikufa kwa kanuni ile ile ambayo kwayo wengine wanaishi. Na mzee aliyetolewa hai mwaka mwingine, katika nyumba nyingine, ana deni kwa watu hao sita hata kama hajapata kuyasikia majina yao.

Ningependa kukomea hapo. Hoja inakaa vizuri, na msomaji angelala usingizi. Linalonizuia ni mtu mmoja aliyekuwapo usiku ule.

Michael McNamee alikuwa miongoni mwa wakuu walioongoza kazi ile, naye alikuwa ndani ya ghala, chini ya ngazi. Sita walikuwa wamekwisha kupotea juu. Waliobaki walitaka kupanda. Tukumbuke kuwa wazimamoto wa huko hukaa kituoni kwa zamu ndefu, hupika pamoja, hula sinia moja kama tusemavyo sisi, na hulala chumba kimoja. Aliyekuwa juu hakuwa mfanyakazi mwenza, alikuwa mtu wa nyumbani. McNamee akasimama mlangoni pa ngazi, akauziba kwa mwili wake, akawaambia kuwa sita wamekwisha kupotea na hatapotea mwingine. Hawakutaka kuyasikia maneno hayo. Lakini hawakupita. Kisha watu wote wakatolewa, na moto ukapigwa kutoka nje mpaka jengo likabaki gofu.

Nimekaa na kitendo hiki kuliko vyote vilivyotokea usiku ule. Aliyeufunga mlango hakuwa na yakini kwamba wale sita wamekwisha kufa. Pengine mmoja alikuwa bado anavuta pumzi, amelala kifudifudi kule chini ambako hewa hukawia kuisha. Aliufunga hali akilijua hilo. Apandaye ngazi husaidiwa na damu yake: moyo unadunda, miguu inakwenda, rafiki anaita. Wa mlangoni hasaidiwi na chochote. Kila kilichomo mwilini mwake kinamsukuma upande wa pili, na mbele yake zimo nyuso za watu anaowapenda zikimtazama kama msaliti.

Aristotle aliuweka ujasiri katikati ya woga na pupa ya kujitupa, na wengi tumeridhika na mizani hiyo. Ila Aristotle alikuwa akimzungumzia mtu mbele ya hofu ya nafsi yake mwenyewe. Usiku ule swali halikuwa hofu ya McNamee. Lilikuwa mapenzi ya watu wengine, mapenzi ambayo yangewaua, naye alitakiwa ayazuie kwa dakika chache katikati ya moshi, bila mtu wa kushauriana naye. Sijui jina la fadhila hiyo. Nimelitafuta katika kamusi zangu na sijalipata. "Busara" ni neno baridi mno. Hilo ni la mtu aliyekaa kitini. "Subira" linakaribia, endapo tutakubali kwamba subira huweza kuwa na mikono iliyotanuliwa.

Wahenga walinena, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nilipokuwa mdogo nilidhani methali hii inamcheka mwoga. Nilipokua nikafahamu kwamba inaonya: ukitaka ushujaa, ujue matanga yatawekwa kwenu. Siku hizi naiona ina upungufu. Wale waliozuiwa mlangoni walirudi majumbani, wakapokelewa na watoto wao. Kwa hesabu ya methali kicheko kilikwenda kwao, ingawa si waoga, na yeyote aliyewaona siku zile hawezi kusema walicheka. Kwa sita kikaenda kilio. Na kwa aliyesimama baina yao? Kicheko hakina njia ya kufika kwake. Kilio nacho hakistahiki, kwa kuwa yu hai. Methali ilimsahau, na watunzi tuliojifunza kwa methali tumemsahau pia. Tungo zetu za sifa zina farasi na panga na watu wakienda mbele. Nadra sana mtu kusifiwa kwa kusema "basi". Mimi ninaamini kuwa ujasiri wake na wa wale sita ni wa mama mmoja, na kwamba mtu akiwatungia sita utenzi na kumwacha wa mlangoni, kijana atakayeuhifadhi atakuwa amefundishwa kufa tu.

Wapo pia wale wawili wa mshumaa. Mahakama ya juu kabisa ya Massachusetts iliamua mwaka 2002 kwamba aliyesababisha hatari ya moto, hata bila kukusudia, ana wajibu wa kuchukua hatua ya kuipunguza, angalau kwa kutoa taarifa. Sina ubishi na hukumu hiyo. Kinachonikera, kama mtu wa maneno, ni udogo wa neno lililokosekana. "Tumetoka." Ni mizani nne, nusu ya kipande cha mshororo. Lingesemwa kwa yeyote barabarani, yamkini watu sita wangelala kwao. Hata hivyo nasita kuwatupia mawe. Mtu aliyezoea kufukuzwa katika kila mlango hamkimbilii askari kumweleza kwamba alikuwa amelala mahali pasipo ruhusa na amepaunguza. Kimya chao kilikuwa na umri mkubwa kuliko moto ule. Na wazimamoto, jambo ambalo sichoki kulistaajabia, waliingia kwa ajili ya watu wa namna hiyo hasa: si tajiri wala mtoto wa mkubwa, bali mtu ambaye mji ulikuwa umezoea kupita pembeni yake bila kumwona. Tukiliondoa hilo katika kumbukumbu ili pawe na hasira iliyo safi, tumewaondolea marehemu sehemu bora ya kazi yao.

Namna mji ule ulivyowakumbuka watu wake inafaa kutazamwa. Ilianza kwa mikono. Wenzao walichimba kifusi siku 8, mpaka maiti wa mwisho akapatikana. Anayejua uzito wa maiti kuoshwa na kuzikwa na jamaa zake hana haja ya kuelezwa zaidi. Tarehe 9 Desemba, hali maiti hawajapatikana wote, palifanywa mkutano mkubwa wa maombolezo. Rais Clinton alihudhuria, na maelfu kwa maelfu ya wazimamoto waliandamana kwa sare zao, wengine wakitoka ng'ambo. Kifo cha wengi ni harusi, twasema sisi. Mwaka 2008 kikafunguliwa kituo cha zimamoto mahali pale pale lilipokuwa ghala, ili gari zitokazo kwenda kuokoa ziwe zinatoka juu ya ardhi ile. Hilo limenipendeza kuliko mnara, maana mnara husimama na kituo hufanya kazi.

New York wana ada nyingine. Tangu enzi za mtambo wa telegrafu, kifo cha mzimamoto hutangazwa huko kwa mapigo matano yaliyorudiwa mara nne. Asili yake si huzuni. Ilikuwa njia ya haraka ya kupeleka habari katika vituo vyote kwa waya. Zama za waya zimepita, hesabu ya mapigo imebaki, na sasa kengele huwagongewa marehemu kwa hesabu hiyo. Wazimamoto 343 wa mji huo walikufa siku moja, tarehe 11 Septemba 2001. Mapigo ishirini kwa kila mmoja ni mapigo 6,860. Niliipiga hesabu hiyo kwenye karatasi, kisha nikaiacha, kwa sababu niliona idadi inaanza kuwameza watu. Sita naweza kuwataja kwa majina bila kutazama karatasi. 343 siwezi, na nikisema nawakumbuka wote, kuna uongo kidogo ndani yake. Iko na Siku ya Kimataifa ya Wazimamoto, tarehe 4 Mei, iliyozaliwa baada ya watu watano wa kujitolea kufa katika moto wa msituni huko Linton, Australia, mwezi wa Desemba 1998. Sijapata kuisikia ikitajwa barazani kwetu.

Jambo jingine lililofanywa Worcester halikuwa na sherehe. Majengo matupu ya hatari yalianza kubandikwa ubao mwekundu wenye alama ya X nyeupe, ili afikaye usiku ajue kabla hajaingia. Ubao huo hauna jina la marehemu wala tarehe. Wapo wauonao na kusema kufa kufaana: roho sita zimenunua usalama wa wengi. Sipendi hesabu hiyo. Hakuna aliyekuwa akiuza. Brotherton hakupanda ngazi ili miaka ya mbele pabandikwe ubao. Alipanda kwa sababu huenda pana mtu. Faida iliyokuja baadaye haiwezi kurudi nyuma ikakaa mahali pa sababu yake. Lakini kukataa kujifunza, na kuwaacha wengine wafie katika giza lile lile huku tukiwapigia kengele, kungekuwa ni kuwadharau mara ya pili. Kwa hiyo ubao ule nauhesabu katika kumbukumbu, bila kuuita malipo.

Sasa nirudi kwetu, kwani sisi watunzi hatuna usafi katika jambo hili. Miaka mingi iliyopita, katika mtaa niliokuwa nikikaa, nyumba iliungua usiku. Kijana mmoja wa nyumba hiyo alikwisha kutoka pamoja na mama yake na wadogo zake, akarudi ndani, na paa likamwangukia. Hakuwa mzimamoto, alikuwa kijana tu. Nikaombwa nitunge shairi la kusomwa siku ya arubaini, nikatunga beti kumi na mbili. Nilisema kwamba aliingia kuokoa nafsi. Nilijua kuwa si kweli. Alirudi kuchukua cherehani. Lakini neno hilo sikulitaka, wala si kwa sababu ya vina. Niliona ni neno la dukani, litaishusha hadhi ya shairi na ya marehemu. Watu walilia. Waliniombea dua, na wengine wakataka nakala.

Baada ya siku chache mama yake akanijia. Hakuja kulalamika. "Ndugu yangu," aliniambia, "umemsifu mtoto, Mungu akulipe. Lakini huyo uliyemsifu mimi simjui. Wangu alifuata cherehani." Kisha akanieleza kwamba cherehani ile ndiyo iliyowalisha na kuwasomesha wote tangu baba yao alipofariki, na kwamba pale nje, moto ukiwaka, ni yeye mama aliyesema kwa sauti, "Cherehani yangu", bila kumtuma mtu, na mtoto akasikia. Hilo ndilo alilokuwa amelibeba siku arubaini. Shairi langu lilikuwa limemnyima pa kulitua, kwa sababu asingeweza kulisema mbele ya watu bila kumvua mwanawe ushujaa niliomvika mimi.

Ndiyo maana mkasa wa Worcester haunitoki. Ningeweza kwa siku chache kuutungia utenzi mzuri, ghala limejaa watoto wanaolia, mashujaa wanapanda, malaika wanashuka, na mtu wa mlangoni hayumo. Ungesomeka vizuri. Ila wale watoto 17, ambao sasa ni watu wazima, wanajua kwamba ghala lilikuwa tupu. Wameishi na utupu huo tangu utotoni, na mtunzi anayeuficha hawafichii wao; anajifichia mwenyewe na wasikilizaji wake.

Shairi la kijana yule nililiandika upya, nikachelewa karibu mwaka mzima. Nafsi niliyoizua nikaiondoa, cherehani nikaipa nafasi yake, na ule usemi wa mama nao, kwa idhini yake. Nikampelekea kabla ya kumsomea mtu yeyote. Alinisikiliza mpaka mwisho, upindo wa kanga umemfunika mdomo. Nilikuwa nimeandika kwamba cherehani ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu. "Ilikuwa ya mkono," akasema. Nikasahihisha pale pale, ubeti wa nne, nikamsomea tena.